Kila Tone Lilikuwa na Mwenyewe

Kwa kuniaga mmenipa saa ya ukutani, kitenge kizuri, na keki iliyopakwa siagi nyingi kiasi kwamba beringi ya mkanda ingeweza kuzunguka juu yake mwaka mzima. Aksanti sana. Kisha mkaniomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya kutia grisi, ili ninyi mnaobaki msirudie makosa yetu. Makosa mtafanya tu, tena mapya, lakini nitaandika. Ya vyeo sitayagusa kwa sababu yananichosha, na ya mishahara mnayajua wenyewe kwa kuwa mnapokea hiyo hiyo.

Kwa yeyote atakayesoma haya bila kukijua kiwanda chetu: kiko nje kidogo ya Likasi, upande wa barabara ya Kambove. Mawe ya shaba yanaingia makubwa kama mbuzi aliyelala, yanavunjwa, yanapandishwa kwa mikanda, yanaingia kwenye kinu, na mwishoni yanatoka unga. Kati ya kila mota na kitu inachokizungusha kuna sanduku la gia. Ni sanduku la chuma lenye magurudumu ya meno ndani, yanayopokea mwendo wa mbio wa mota na kuutoa ukiwa wa polepole, wenye nguvu. Meno hayo yanaogelea kwenye mafuta. Yakikosa mafuta yanatafunana. Kazi yetu ilikuwa kuyazuia yasitafunane, na hakuna kazi isiyopendwa kuliko hiyo, maana unarudi nyumbani umechafuka kuliko wote na hakuna hata kitu kimoja unachoweza kuonyesha kwamba umekitengeneza.

Siku ya kwanza nilifika na diploma yangu ya ufundi wa mashine na viatu vya kaka yangu, ambavyo miguu yangu ilikuwa ikitembea ndani yake peke yake. Ofisi ya wafanyakazi ilinitazama, ikaitazama karatasi, ikanitazama tena. Mwanamke fundi hawakuwa naye. Ikabidi wanitafutie mahali ambapo hakuna mwanamume atakayelia kwamba nimemnyang'anya kazi. Wakanipeleka kwenye grisi.

Mkubwa wa grisi alikuwa Baba Mwepu. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na viganja vyake vilikuwa vikubwa kama sahani. Alikuwa amesoma Mulungwishi, kwa wamisheni, akajifunza kuimba kwa sauti nne na kunawa kabla ya kula, kisha ukubwani akahamia kanisa la uamsho lenye kelele zaidi, ambako alikuwa shemasi. Huko ndiye aliyewapaka wagonjwa mafuta. Ninaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililotuponza.

"Weye njo fundi?" akaniuliza.

"Njo minye, baba," nikajibu kwamba ndiye mimi.

"Unasaliaka wapi?"

"Ku musikiti, baba."

Akafikiri, huku akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Hakuna mambo. Mashini haiulizake dini. Inaulizaka paka mafuta, mafuta tu."

Tukaanza kuzunguka. Baba Mwepu alikisalimia kila kisanduku kwa jina. Cha mkanda wa kwanza alikiita Mama Mukwe kwa sababu kilikuwa kinanguruma bila sababu. Cha kinu, kikubwa kuliko vyote, alikiita Mufalme. Akishasalimia, anafungua kizibo na kumimina. Kama maandishi ya mtengenezaji yalisema kikombe kimoja, yeye alitia viwili. Kama yalisema viwili, yeye alisema huyo aliyeandika alikuwa mchoyo.

"Mashini ni sawa muntu, mutoto wangu. Ukimunyima mafuta, atakuchukia mpaka siku ya kufa."

Mimi nimelelewa vingine. Baba yangu alikuwa na duka la vitenge na chumvi karibu na soko, ukoo wake ukiwa umetoka kule Kasongo, na alitufundisha kutawadha kwa kopo moja la maji. Kopo moja, hata mvua ikiwa inapiga bati na maji yanapita mlangoni. Ukiomba la pili anakuuliza kama unataka kusali au kuvua samaki. Kwa hiyo nilipomwona Baba Mwepu akimimina, mkono wangu wenyewe ulikuwa unaumia. Lakini nilikuwa mgeni, nikanyamaza, na baada ya muda nikazoea kama ulivyozoea kelele za kinu wewe unayesoma hapa.

Msidhani kwamba hakujua kazi. Alinifundisha kuweka mpini wa nyundo kati ya sikio na nyumba ya beringi, na kusikiliza. Beringi nzima inakoroma taratibu kama mtu aliyeshiba bukari, ndiyo ugali wetu. Ikianza kusaga kama mchanga uko kinywani, usingoje kesho. Alinifundisha kufunika kopo la mafuta hata nikiliacha kwa muda wa kupiga chafya tu, kwa sababu vumbi la hapa kwetu ni jiwe lililosagwa, na jiwe halibadilishi tabia kwa kuwa limekuwa dogo. Alinifundisha kutochanganya mafuta ya aina mbili ndani ya sanduku moja. Hayo yote bado ni kweli, na nyinyi wa siku hizi wenye vipima joto vya kuelekeza kama bastola mtafanya vizuri kuyashika.

Ubaya ulikuwa kwenye wingi tu. Gurudumu kubwa la kinu, lile la meno ya nje, alilipaka grisi nyeusi kwa ufagio. Gurudumu lilichukua lilichotaka, na kilichobaki likakirusha ukutani. Ukuta ule ulikuwa umenenepa. Mgeni mmoja alipoegemea pale, tulilivuta koti lake watu wawili na halikutoka.

Na sasa nifike kwenye matone.

Kila kisanduku kilivuja. Mahali mti wa chuma unaozungushwa na gia unapotokea nje kuna mpira wa kuzuia mafuta, na mipira yetu ilikuwa imekauka zamani. Chini ya kila mvujo palikuwa na kopo, na kila kopo lilikuwa na jina limeandikwa kwa rangi. Mimi mwanzoni nilidhani ni majina ya mashine. Kumbe yalikuwa majina ya wenye matone.

Mtu akija kutoka mbali anacheka, lakini ninyi mnajua mchwa wa Likasi. Nguzo ya mti usipoipaka mafuta machafu, kabla hujapata mtoto wa pili nyumba imekaa chini. Tena kiangazi ndio wakati wa kupiga matofali, na kalibu ya mbao isipopakwa mafuta, udongo unang'ang'ania ndani na tofali linatoka limekatika masikio. Baiskeli za makaa zinazoteremka kutoka Kambove nazo zina minyororo. Kwa hiyo tone la mafuta lilikuwa kitu cha heshima. Halikuuzwa, lilirithishwa. Mtu akistaafu, anamwita mdogo wake wa kazi, anamkabidhi ufagio na kopo mbele ya mashahidi. Kijana mmoja wa mikanda aliahidi tone lake kwa baba mkwe kabla hata ya kuzungumza habari za mbuzi wa mahari, na akakubaliwa palepale.

Tuliishi hivyo miaka mingi kwa amani, mpaka alipokuja mkurugenzi mpya. Alikuwa mtu wa mashati meupe na maneno machache. Mwanzo wa kiangazi kimoja alituita sisi wanne wa grisi: mimi, Baba Mwepu, na mapacha Mbuyi na Kanku, ambao hawakufanana kwa sura wala kwa kimo, walifanana kwa uvivu tu.

"Hii kiwanda inakunywa mafuta sawa arusi inakunywa bière," akasema. "Mapipa yote yenye iko mu dépôt, inapashwa kufika mpaka mvua ya kwanza, na mustari wa mwisho ibaki bila kufunguliwa. Kama mumeifungua, équipe ya graisse inaisha. Kampuni moja ya Lubumbashi itakuja na pompe yenye inajitiliaka mafuta yenyewe."

Yaani tukifungua mstari wa mwisho wa mapipa ya ghalani, kikosi chetu cha grisi kinavunjwa na pampu inachukua kazi. Baba Mwepu ndiye aliyeinua mkono.

"Directeur, ile pompe inaweza kusalimia?"

Mkurugenzi akaenda zake.

Nitasema wazi. Niliogopa. Watu wa nje waliona kazi yetu ni ya kuchafuka, na ni kweli, lakini mimi nilikuwa nimeipenda. Nilipenda kuingia asubuhi na kusikia kiwanda kizima kinakoroma vizuri na kujua ni kwa sababu yetu. Sikuwa na kazi nyingine moyoni. Na Baba Mwepu, ukimtoa kwenye visanduku vyake, ungemwua mchana kweupe.

Mkurugenzi alitupa msaada, Injinia Kazadi, kijana mpole aliyetoka chuo Lubumbashi, mwenye viatu visafi ambavyo alivilinda kwa siku kadhaa kisha akakata tamaa. Alizunguka nami, akapiga magoti chini ya kila kisanduku, akaniambia jambo la kweli: "Ma Zaina, hii mafuta mashini haikuli. Inakimbia tu."

Tukabadilisha mipira yote. Kazi ilitumaliza migongo, lakini ilipokwisha, sakafu ilikauka hata mapacha wakaanza kulala juu yake.

Siku iliyofuata ulikuja ujumbe. Mbele alikuwa Kalenga, mlinzi wa lango, amevaa koti lake la sherehe, na nyuma yake Mama Kapinga mpishi wa kantini, na nyuma yake wengine, kila mmoja na kopo lake tupu mkononi. Walisimama kama watu waliokuja kutoa pole, ila msiba ulikuwa wao.

"Ma Zaina," Kalenga akasema kwa sauti ya chini, "tone yangu iko wapi?"

"Tumeziba, baba Kalenga. Ni amri."

"Ile tone aliniachia muzee Ngoy. Bantu baliona. Juu ya nini munaniua vile? Shemeki yangu iko na matofali ya nyumba muzima mu udongo! Nitamuambia nini?"

"Umuambie mashini imepona."

"Imepona!" Mama Kapinga akadakia. "Na nguzo ya kantini? Mchwa balisikia habari, bameisha kupanda. Kesho paa ikikuangukia ku kichwa na bukari mu kinywa, utasema mashini imepona?"

Nikawaambia ukweli: mafuta yakizeeka tutayamwaga, na yale machafu watayapata wao, kwa zamu, kila mtu na kopo lake. Walijadiliana zamu mpaka king'ora cha mchana. Wakaondoka wakinung'unika, na kwa muda mrefu baada ya hapo Kalenga alinifungulia lango polepole sana, sehemu ya mkono kwanza, kisha bega, kisha ananiuliza kama nina haraka.

Tulidhani tumeshinda. Lakini mapipa yaliendelea kushuka. Sakafu kavu, makopo makavu, na mapipa yanashuka! Injinia Kazadi alishuku wizi. Akaomba mfuko wa Kalenga ukaguliwe jioni langoni, jambo la ajabu kwa kuwa mkaguzi wa mifuko langoni alikuwa Kalenga mwenyewe. Alijikagua kwa heshima zote, akatoa bukari baridi na kipande cha samaki, akajiruhusu kupita.

Kitu kingine kilinisumbua zaidi. Visanduku vilianza kuwa na homa. Mama Mukwe, ambacho zamani ulikiwekea mkono ukakaa, sasa kilikuwa kinakufanya uuondoe. Kazadi alidhani tumeletewa mafuta ya aina mbaya. Mimi nilidhani mipira mipya inabana mno. Baba Mwepu alidhani ni wivu wa kampuni ya Lubumbashi, na akaongeza maombi.

Basi mkurugenzi akaja kuona maendeleo, na shati jeupe kuliko yote aliyowahi kuvaa. Tukampeleka kwa Mama Mukwe ili aone sakafu kavu. Juu ya kila sanduku la gia kuna kofia ndogo yenye tundu, ambayo sanduku linapumulia. Mkurugenzi aliinama karibu na kofia hiyo aone vizuri. Nilisikia ndani sauti kama ya maziwa yanayochemka yakikaribia kumwagika. Nikafungua mdomo niseme, "Directeur, sogea," na nilipofika kwenye "sogea," Mama Mukwe alipiga chafya.

Povu la mafuta lilimpata kuanzia kwenye miwani mpaka kwenye mkanda wa suruali. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akatafuta mahali pasafi kwenye shati pa kuifutia, hakupata. Kanku alimpa kitambaa chetu, na hapo akawa mweusi kabisa.

"Mvua ya kwanza," alisema tu, akaondoka.

Kazadi alisimamisha mkanda na kufungua kizibo cha pembeni, kile kinachoonyesha mafuta yanapaswa kufika wapi. Mafuta yaliruka nje kama maji ya bomba la jirani aliyelipa bili. Sanduku lilikuwa limejaa mpaka kooni. Meno badala ya kulowa kidogo yalikuwa yanapiga mbizi, yanayakoroga mafuta kama mtu anayepiga mayai, na mafuta yanayokorogwa hivyo yanachemka, yanatoa povu, na mwisho yanatafuta pa kutokea. Shikeni hili kuliko yote niliyoandika: jino la gia linahitaji utando mwembamba tu wa mafuta kati yake na jino mwenzake. Kinachozidi hapo si chakula, ni mzigo.

"Nani anajazaka hivi?" Kazadi akauliza.

Mapacha wakatazama juu. Mimi nikamtazama Baba Mwepu, naye alikuwa anampapasa Mama Mukwe kwa huruma, na hapo ndipo nilipoelewa. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, Baba Mwepu alizunguka visanduku vyote akiviombea, na mwisho wa kila ombi alimimina kikombe kimoja cha baraka. Haikuwa siri. Nilikuwa nikisema "amina" pamoja naye kwa adabu. Miaka yote hiyo baraka iliingia kwa juu na kutoka kwa chini, na Kalenga akaipeleka kwa shemeji yake. Sasa tulikuwa tumeziba chini, na baraka ikakosa mlango.

Nilimwomba Kazadi aniache nizungumze naye mimi. Alikubali haraka sana. "Enda weye, mama. Minye ataniwekea maombi nisiolewe." Alikosea neno kwa woga, alikuwa anamaanisha nisioe. Sikumsahihisha.

Nilimkuta Baba Mwepu nyuma ya karakana wakati wa mapumziko, anakula viazi vitamu na karanga. Nilikaa. Nilikuwa na hofu ya kweli, kwa sababu kumwambia mzee aliyekufundisha kazi kwamba baraka zake ndizo zinazotufukuzisha si jambo la kusema huku mtu anatafuna.

"Baba," nikasema, "ku kanisa, mugonjwa akikuja, unamupakaka mafuta namna gani?"

"Ku paji la uso."

"Mingi?"

"Apana. Kidole kimoja tu. Na kidole haiingie yote, paka kichwa yake tu."

"Na mugonjwa anaponaka?"

Alikasirika kidogo. "Shi anaponaka! Mama Kapinga, mugongo yake nani aliiponya?"

"Sasa baba, kama kidole kimoja inaponyesha mugongo ya Mama Kapinga, vile iko mukubwa, juu ya nini Mama Mukwe unamumwangiaka kikombe muzima? Imani yako kwa mashini ni kidogo?"

Akaacha kutafuna. Karanga zilibaki mkononi. Alitazama upande wa mikanda kwa muda, midomo ikitembea kama mtu anayesoma kimoyomoyo.

"Basi miaka yote," akasema mwisho, polepole, "miye nilikuwa sina imani?"

Nikamwambia hapana, alikuwa na moyo mkubwa, na moyo mkubwa unamwagika. Nilidhani nimemvunja. Kisha akasimama, akajipangusa maganda ya karanga.

"Nitaweka mikono tu," akasema. "Maombi haina lazima ya kikombe."

Jumatatu iliyofuata alizunguka bila kopo. Aliweka kiganja chake kipana juu ya kila kisanduku, akafumba macho, akaomba kimya. Na sasa sikilizeni: mtu anayeweka kiganja juu ya chuma kwa muda wa ombi zima, tena la kilokole, anajua joto la chuma hicho kuliko mtu yeyote. Alipofika kwenye kisanduku cha mkanda wa tatu alifungua macho. "Huyu iko na homa." Tukasikiliza kwa mpini, na kweli, beringi ilikuwa inaanza kusaga mchanga. Tuliibadilisha kabla haijavunja meno. Kazadi alifurahi akaleta kipima joto chake, wakaanza kuzunguka wawili, mmoja na kiganja, mmoja na kifaa, wakilinganisha na kubishana kwa furaha. Kila mmoja alimsahihisha mwenzake mara kwa mara.

Shida ikawa namna mtu aliyeokoka upya anavyozidisha. Baba Mwepu aligeuka mchoyo wa mafuta kuliko baba yangu na maji. Alisimama nyuma ya mapacha akipiga kelele, "Kidogo! Kidogo, nimesema!" na siku moja nilikuta kioo cha kupimia cha Mufalme kikiwa chini ya mstari, kwa sababu alitaka kuona kama kwa imani mafuta yanaweza kushuka zaidi. Nilimfokea kweli, mbele ya watu. Mstari ni mstari, juu na chini. Akanywea, akasema hata manabii walifunga kwa kiasi.

Gurudumu kubwa la kinu tulilitoa kwenye ufagio. Kazadi alichukua bomba la hewa la kupulizia rangi, akalitengeneza, tukawa tunapuliza grisi kidogo kidogo, mara nyingi, moja kwa moja kwenye meno. Mapacha walipewa kazi ya kukwangua ukuta, na kwa mara ya kwanza walifanya kazi kwa bidii kwa kuwa walikuwa wanavumbua vitu: kijiko, mjusi, antena ya redio, na kiatu kimoja cha kushoto ambacho mpaka leo hakuna aliyekidai.

Kiangazi kikapita. Mapipa yalikuwa yanashuka sasa kwa kusitasita. Jua la mwezi wa kumi likaanza kuchoma, watu wote wakawa wanatazama mbinguni, wakulima wakiomba mvua na sisi wanne tukiomba isichelewe hata siku moja. Kisha alasiri moja ikanyesha, kubwa, yenye mawe, ikapiga bati la kiwanda mpaka hatukusikia kinu.

Kesho yake mkurugenzi akaja. Jua lilikuwa kali, wingu hakuna hata moja, naye alikuwa amevaa koti la mvua la njano, limefungwa mpaka kidevuni, kofia yake imeteremshwa. Hakuna aliyecheka. Kalenga peke yake alilazimika kugeuka na kukagua ukuta.

Tulienda naye ghalani. Mstari wa mwisho wa mapipa ulikuwa pale, vizibo vyake havijaguswa, na mbele yake lilikuwa limebaki pipa jingine zima. Alizunguka, akagonga kila moja kwa kidole asikie kama limejaa. Yalijibu vizuri.

"Muzuri," akasema. Nilivuta pumzi. "Lakini sasa minauliza. Kama mafuta ni kidogo vile, na inatiliwa kidogo vile, bantu bane ni ba nini? Shi wawili banatosha?"

Hilo la kutaka wawili tu kati ya sisi wanne sikulitegemea. Tulikuwa tumefanya kazi kwa miezi ili tusifukuzwe, na tulikuwa tumeifanya vizuri mpaka tukawa wengi mno. Mbuyi alijificha nyuma ya Kanku ingawa Kanku ndiye mfupi. Baba Mwepu alishusha macho, nikamwona anajiandaa kuinua mkono na kusema yeye ni mzee, atoke yeye.

Nikamwahi kwa kumwita mkurugenzi aje. "Directeur, kuya kwanza."

Nikampeleka kwa Mama Mukwe. Mkanda ulikuwa unafanya kazi, umejaa mawe. Alipoiona ile kofia ndogo juu ya sanduku alisimama mbali na kujifunga kamba ya koti.

"Weka mukono," nikasema.

"Wapi?"

"Hapo yulu," nikamwonyesha juu ya sanduku. "Weka yote, uache ikae."

Alinitazama, akamtazama Kazadi, naye Kazadi akatikisa kichwa kumwambia aweke. Akatoa mkono kwenye lile koti kama mtu anayetaka kumgusa mbwa wa watu, akauweka. Akaanza kuuondoa kwa mazoea. Kisha akauacha. Chini ya kiganja chake Mama Mukwe alikuwa anakoroma, vuguvugu, sawasawa, na huko juu mawe yanapita.

"Ile siku alikutemea, tulikuwa tunamwanga mafuta bila kumusikiliza," nikamwambia. "Sasa tunamwanga kidogo, lakini kila siku bantu bane banapita, banaweka mukono, banasikiliza, banapangusa vumbi. Ukiacha wawili, watafika nusu ya masanduku. Nusu ingine itabidi waitilie mafuta mingi juu ya woga. Njo vile ilikuwaka mbele, ile zamani."

Alikuwa amefumba macho, nadhani alikuwa anasikiliza. Baba Mwepu, akimwona mtu mkubwa amefumba macho na mkono juu ya sanduku, alielewa kwa njia yake, akavua kofia na kusema kwa sauti, "Amina." Mapacha wakasema amina. Mimi nikasema amina. Mkurugenzi akashtuka, akatutazama, hakujua afanye nini, akasema amina naye.

Kisha akauondoa mkono. Nilimpa kitambaa ajifute. Hakukipokea. Aligeuza kiganja juu, akakileta karibu na miwani, akakitazama mbele na nyuma na kati ya vidole, akatuonyesha na sisi. Kilikuwa kikavu.

"Bane," akasema, na akaanza kufungua vifungo vya koti la mvua. "Mubaki bane."